Usukani Wenye Mawazo Yake

Nani alinituma kununua Peugeot 504? Ndiyo, najua, gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975, likarudia 1978. Hongera zake. Langu linashindwa na raundabauti.

Nageuza usukani kulia, gari linatafakari kwanza. Pale Waiyaki Way nauzungusha kushoto kulia kama mtu anayekoroga ugali wa harusi, na bado naenda moja kwa moja! Makanga akanichungulia: "Mzee, umelewa saa mbili asubuhi?"

Basi tukafungua reki, ile fimbo ya meno inayopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu. Mpira wa kuzuia vumbi ulishaoza zamani, mchanga ukaingia, ukatafuna meno yote. Bushi zimekwisha. Tai rodi, zile fimbo zinazounganisha reki na magurudumu, zinalia kama kayamba.

Nikaenda Grogan, kule Nairobi kwenye maduka ya vipuri. Duka la kwanza: "Lete sampuli." Nikaleta. "Hiyo hatuna, lakini ya Toyota inakaribiana." Inakaribiana? Kwani usukani ni kiatu cha mtumba, nikivae na soksi mbili? Duka la sita nikauziwa tai rodi "orijino kabisa". Uorijino wenyewe ulibaki mkononi mwangu, rangi nyeusi tii.

Na fundi je? "Kesho asubuhi, bosi." Kesho ya mwaka gani? Wiki ya tatu nikakuta kazi imeisha. Nikashangilia, hadi nilipoona boliti mbili kwenye kopo la grisi.

"Hizo zilikuwa za ziada," akasema.

Za ziada! Wafaransa walimwekea nani akiba?

Na nyinyi wenye Datsun na Volkswagen mnaocheka, zenu si bado ziko juu ya mawe?