Majibu ya Damu ya Moshi na Arusha Yalinganishwe na Damu ya Nani?

Pembeni mwa kila namba ya kipimo cha picha kamili ya damu huchapwa kiwango cha chini na cha juu cha mtu mwenye afya. Maabara ambayo haijajiwekea viwango vyake hutumia vile vilivyokuja na mashine, ambavyo kwa sehemu kubwa vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani.

Wanaotaka vibaki hivyo wana hoja nzito. Kuunda kiwango kipya kunahitaji watu wenye afya wapatao 120 kwa kila kundi la umri na jinsia, na miongoni mwa wanaoonekana wenye afya wamo wenye minyoo, malaria isiyo na dalili au upungufu wa madini ya chuma, hata maradhi yenyewe yakaja kuhesabiwa kuwa hali ya kawaida.

Hata hivyo, hoja hiyo haizigusi nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara wamerithi badiliko la jeni ya Duffy linalozuia vimelea vya malaria aina ya vivaksi kuingia katika chembe nyekundu, na badiliko hilohilo huandamana na nyutrofili chache katika damu bila kumfanya mtu augue kwa urahisi zaidi. Mpaka uliozoeleka ni nyutrofili 1,500 kwa mikrolita. Mwenye 1,200 tangu utotoni huambiwa kinga yake imeshuka, hurudishwa kupimwa tena na tena, na akiwa na saratani dozi yake inaweza kuahirishwa au kupunguzwa pasipo sababu. Nauli ya kutoka Rombo au Karatu kufuata ugonjwa usiokuwapo hulipwa na familia, wala haionekani katika hesabu ya wanaosema viwango vipya ni ghali.

Hofu ya kuhalalisha upungufu wa damu nayo haina budi kutazamwa upande wa pili, kwani kuzingatia mahali hakumaanishi kushusha mpaka siku zote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaongeza gramu 0.4 kwa desilita katika mpaka wa hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, kwa mwinuko wa Moshi kutoka usawa wa bahari, na 0.8 kwa ule wa Arusha. Mwanamke wa Arusha asiye mjamzito mwenye 12.3, anayepita salama kwa mpaka wa 12, ana upungufu wa damu kwa mpaka wa 12.8.

Viwango vya damu na kinga vya watoto wenye afya wa Mkoa wa Kilimanjaro vilichapishwa mwaka 2010. Maabara inayotaka kuazima viwango vilivyokwisha kupatikana haihitaji watu 120: hupima watu 20 wenye afya wa eneo lake, na wasipozidi wawili walio nje ya kiwango, hukipokea. Hemoglobini ibaki na mipaka ya Shirika la Afya Duniani pamoja na nyongeza ya mwinuko. Nyutrofili zianze kulinganishwa na za watu wa hapa.