Pro wa Jumamosi na Kijana Aliyevaa Pedi Bure

Aprili ikifika, vilabu vya kriketi hapa Ireland huanza kutambulisha wageni wao. Huyu katoka Pretoria, yule Perth, mwingine Auckland. Picha moja, mikimbio (pointi za kriketi) aliyopata msimu uliopita huko kwao, maneno mawili matatu ya kumkaribisha, basi. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mmoja anasema mapro, yaani hao wachezaji wa kulipwa wanaoletwa kutoka nje kwa msimu mmoja, wanaua vipaji vya nyumbani, mwingine anamjibu kwamba bila mapro ligi ingekuwa ya watoto wa shule. Aliyewahi kusikiliza Watanzania wakibishana juu ya wachezaji wa kigeni wa Simba na Yanga anaujua wimbo huu beti zote. Mimi ni Mkenya, naishi Dublin, na naona pande zote mbili zimeliacha jambo lenyewe pembeni.

Wageni kwanza tuwape haki yao. Timu ya Ireland iliyoitoa Pakistan kwenye Kombe la Dunia tarehe 17 Machi 2007 kule Kingston, Jamaika, iliongozwa na Trent Johnston, mzaliwa wa Wollongong, Australia, na ni yeye aliyepiga mpira wa mikimbio sita ulioleta ushindi. Siku mbili kabla ya hapo, walipotoka sare na Zimbabwe, aliyewabeba alikuwa Jeremy Bray, Mwaustralia mwingine, mikimbio 115 bila kutolewa. Kikosini walikuwamo pia Dave Langford-Smith wa Australia na Andre Botha wa Afrika Kusini. Watu hawa hawakushushwa na chama cha taifa. Njia yao ilipitia kwenye vilabu: walikuja kucheza kriketi ya Jumamosi, wakakaa, wakatimiza masharti ya ukaazi, wakavaa jezi ya kijani. Ushindi ule uliisukuma Ireland katika safari iliyofika mwaka 2017, ilipopewa uanachama kamili wa ICC, baraza la kriketi la dunia, pamoja na Afghanistan. Anayesema wageni hawajaisaidia nchi hii basi hajui ilikotoka.

Ila Johnston alikaa. Pro wa kawaida wa leo huja kwenye baridi ya mwisho wa Aprili na Septemba yuko uwanja wa ndege. Mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye kwao ni majira ya baridi na hakuna ligi. Mfano unaopendwa sana huku ni wa AB de Villiers. Mwaka 2004 alicheza Carrickfergus, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Belfast, na Desemba ya mwaka huo huo akaanza kuichezea Afrika Kusini mechi za Test, zile za kimataifa za siku tano ambazo ni ngazi ya juu ya kriketi. Watu wa huko wanausimulia msimu ule kwa fahari, na wana haki. Mimi nikiusikia najiuliza swali jingine kabisa. Kama kupiga mbele kila Jumamosi katika ligi ya Ireland kulimfaa De Villiers, kwa nini kusimfae kijana aliyezaliwa Carrickfergus? Nafasi ile ni ya thamani kweli. Vilabu vinailipia nauli, nyumba na posho, kisha vinamkabidhi mtu ambaye faida ya mafunzo yake itavunwa Cape Town.

Asiyeufuata mchezo huu kwa karibu anaweza kudhani pro mmoja hana madhara. Kwenye soka, mgeni mmoja anakula nafasi moja kati ya kumi na moja. Kriketi hesabu yake ni tofauti. Mechi ya ligi ina ova 50 kila upande, kila ova mipira sita, na mrushaji mmoja anaruhusiwa ova 10. Pro anarusha zote kumi, tena zile ngumu: za mpira mpya, na za mwisho wakati wapinzani wanapiga kwa hasira. Akigeuka kupiga anaingia namba tatu au nne, na akiwa hodari anakaa uwanjani ova thelathini. Mtu mmoja, nusu ya mechi.

Jumamosi moja ya Juni, kaskazini mwa Dublin, nilikaa jirani na kijana wa miaka 17 anayerusha kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amepewa ova tatu. Ya tatu ilipigwa mikimbio minne mara mbili, nahodha akauchukua mpira na kumpa pro. Saa zilizobaki kijana alisimama mpakani, upande ambao mpira haukuja. Zamu yao ya kupiga ilipofika alipangwa namba nane. Wiketi ya tano ilipoanguka, yaani mpigaji wa tano alipotolewa, akavaa pedi, akakaza mikanda, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya vyumba vya kubadilishia nguo, helmeti mapajani. Pro alikuwa na mikimbio tisini na ushee, na kila ova ilipokaribia kwisha alichukua mkimbio mmoja kwenye mpira wa mwisho ili abaki na zamu. Kijana akawa anafungua glavu na kuifunga, anafungua na kuifunga. Timu ikashinda. Akavua pedi bila kuonja mpira hata mmoja, akaenda kusaidia kuvuta turubai juu ya uwanja kwa sababu wingu lilikuwa linakuja. Hakuna aliyemdhulumu. Nahodha alitaka pointi, pro alifanya alicholipiwa, na baa ya klabu ilijaa jioni ile. Baba wa kijana alinieleza kwamba mdogo wa kijana huyo ameshaacha kriketi, siku hizi yuko hurling, mchezo wa jadi wa Ireland wa fimbo na mpira.

Na hurling si kitu kidogo. Chama cha GAA, chenye kandanda ya Kigaeli na hurling, hakimlipi mchezaji. Mtu anachezea parokia yake, akijaliwa anachezea kaunti yake, na fainali ya nchi nzima inachezwa Croke Park mbele ya watu zaidi ya elfu 80. Hadi mwaka 1971 chama hicho kiliwapiga marufuku wanachama wake kucheza michezo waliyoiita ya kigeni, kriketi ikiwamo. Marufuku imekufa zamani, lakini mtoto bado ni mmoja na Jumamosi ni moja. Upande mmoja anajua kwamba akijituma jezi ni yake. Upande mwingine nafasi aliyoilenga inaweza kununuliwa Machi na kamati ambayo hata haijamwona akirusha. Mimi ningekuwa na miaka 15 ningechagua hurling.

Kuna jambo la ajabu ambalo watetezi wa mapro hawalisemi vizuri, kwa hiyo nitawasemea. Pro anafundisha kweli, lakini wanaofundishika zaidi ni watoto wa timu pinzani. Kijana wa Clontarf, klabu ya Dublin, akikabiliana na mrushaji wa kasi kutoka Afrika Kusini kwa ova nne, hapo amejifunza kitu ambacho nyavu za mazoezi haziwezi kumpa. Kijana wa klabu iliyomleta mrushaji huyo anatazama. Ndiyo maana sitaki mapro wafukuzwe. Kila timu ikiwa na wake mmoja, kila kijana anakutana na mkali kila wiki, mradi apewe bati la kupigia au mpira mkononi.

Hapa pia lazima tutenganishe watu wanaochanganywa makusudi. Simi Singh alikuja Ireland kutoka Punjab akiwa mwanafunzi, akafanya kazi, akacheza vilabu vya Dublin, na Julai 2021 pale Malahide akawa mtu wa kwanza kupata mikimbio mia akiwa namba nane katika mechi za kimataifa za siku moja, dhidi ya Afrika Kusini. Huyo si pro wa kuletwa, ni mkazi. Mtoto wa Balbriggan ambaye baba yake ametoka Kerala au Peshawar na aliyeanza kurusha mpira akiwa na miaka minane kwenye klabu ya mtaani ni kipaji cha nyumbani kama yeyote, na anayemhesabu mgeni kwa sababu ya jina lake ana ajenda nyingine. Curtis Campher ni kundi la tatu: mzaliwa wa Johannesburg mwenye bibi Mwairishi. Julai 2025, akiwa na Munster Reds, timu ya jimbo, alichukua wiketi tano kwa mipira mitano mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulifanya katika kriketi ya kulipwa. Nani atamrudisha huyo? Si mimi.

Basi kwa nini nina wasiwasi, ikiwa wageni wametufaa kiasi hicho? Kwa sababu mlango mmoja umefungwa. Zamani kijana hodari wa Ireland alikwenda kumaliziwa England, kwenye kaunti, yaani timu za kulipwa za huko. Ed Joyce, Eoin Morgan na Boyd Rankin walipita huko, na England ikawachukua. Morgan ndiye aliyeinua Kombe la Dunia la 2019 akiwa nahodha wa England. Ilikuwa hasara, lakini shule ilikuwapo. Baada ya uanachama kamili, anayeichezea Ireland alianza kuhesabiwa mgeni kwenye kaunti. Tim Murtagh, aliyechukua wiketi 5 kwa mikimbio 13 pale Lord's, London, Julai 2019 England ikitolewa kwa 85, ilimbidi achague miezi michache baadaye. Akachagua kaunti yake, Middlesex, na kustaafu timu ya taifa. Tangu hapo shule ni hizi ligi za majimbo na klabu ya Jumamosi. Ova kumi za pro zilizokuwa anasa ya klabu sasa ni ova za darasani.

Sisi Wakenya tunaijua njia ya kushuka. Mwaka 1997 kule Kuala Lumpur tuliifunga Ireland kwa mikimbio 7 kwenye nusu fainali ya kufuzu Kombe la Dunia. Mwaka 2003 tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia lenyewe. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za siku moja, na miaka mitatu baadaye wale tuliowafunga wakapewa Test. Kina Steve Tikolo, nahodha wetu wa 2003, walipozeeka, nyuma yao foleni ilikuwa fupi mno.

Ireland bado ina foleni. Donemana ni kijiji cha Tyrone, na klabu yake imezoea mapro miaka na miaka. Hata hivyo ndiko alikotoka Andy McBrine, ambaye baba yake James na baba mdogo wake Junior, pacha, waliichezea Ireland kabla yake. Julai 2024 pale Stormont, Belfast, Ireland ikiwa imepoteza wiketi tano kwa mikimbio 21 dhidi ya Zimbabwe, Lorcan Tucker alipata 56 na McBrine akabaki na 55 bila kutolewa hadi Ireland ikashinda Test hiyo. Pro hakumzuia McBrine. Lakini jina la ukoo lile kijijini lilimhakikishia mpira mkononi tangu utotoni, na si kila mtoto ana baba na baba mdogo kwenye kumbukumbu za klabu.

Ninachotaka ni kidogo na kinapimika. Pro abaki mmoja. Kati ya ova 50, ova 10 zirushwe na vijana chini ya miaka 21 waliokulia kwenye klabu yoyote ya Ireland, na tano kati ya hizo ziwe ndani ya 15 za mwanzo au 10 za mwisho, maana nahodha mjanja atawaficha katikati wakati mechi imelala. Mmoja wao apige ndani ya watano wa juu. Na mkataba wa pro uandike Jumanne hadi Alhamisi yuko shule ipi, na darasa gani. Vilabu vingi hutangaza kwamba pro "atafundisha vijana". Muulize mzazi yeyote alimwona mara ngapi bila mvua.

Mikutano mikuu ya vilabu hufanyika msimu ukishakwisha, na bajeti ya pro mpya hupitishwa humo, mara nyingi watu wakiwa wameshaangalia saa. Mwanachama anyooshe mkono kabla ya kura na aulize vijana wa klabu walirusha ova ngapi msimu huu, na walikabili mipira mingapi. Kitabu cha alama kina majibu yote mawili, katibu akifungue pale pale mezani.