Tyubu nyepesi kwenye miamba ya Mwanza: kinachookolewa na kinacholipwa

Njia za baiskeli ya milimani Mwanza zina maadui watatu wa tyubu, na wote wanaweza kukutana nawe ndani ya saa moja: mwamba mtupu wa Isamilo na Capri Point, changarawe ya itale inayoteleza pembeni mwa barabara, na miiba ya njia za ng'ombe ukielekea Kisesa na Bujora. Kila mmoja hutoboa kwa namna yake. Kwa hiyo swali la kufunga tyubu nyepesi halijibiwi na mizani peke yake, ingawa mizani ndiyo inayotajwa kwanza.

Tyubu ya kawaida ya butili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, inchi 29 kwa upana wa 1.9 hadi 2.3, ina takriban gramu 200. Butili nyepesi hushuka hadi 130 au 150 kwa sababu ukuta wake umepunguzwa kutoka karibu milimita 0.9 hadi kama 0.6. Tyubu za lateksi, yaani mpira asilia, ziko karibu na uzito huohuo. Za plastiki laini ya TPU ndizo nyepesi kupita zote: gramu 45 hadi 90, na ukiikunja unaificha kiganjani.

Wanaotetea wepesi wana hoja nzito. Uzito ulio ukingoni mwa gurudumu husukumwa mara mbili: uende mbele pamoja na baiskeli, na wakati huohuo uzunguke. Unapoondoka kutoka kusimama, gramu 100 za ukingoni zinakaribia kulingana na gramu 200 zilizo kwenye fremu. Hilo halina ubishi, ila linahusu kuongeza kasi tu. Ukipanda mlima kwa mwendo usiobadilika, gramu ni gramu popote zilipo. Chukua mwendeshaji na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 85. Butili nyepesi inampunguzia gramu 140 kwa magurudumu yote mawili, TPU kama 260. Kwenye mpando wa dakika 30 ataokoa kati ya sekunde 3 na 6. Kwa anayeshindana, sekunde hizo ni mali. Anayekwenda Nyegezi na kurudi hatazihisi.

Kuna faida ya pili ambayo husemwa kidogo, na mimi naiona kubwa kuliko ya gramu. Lateksi na TPU hujikunja na kujikunjua kwa urahisi kila gurudumu linapozunguka, hivyo nguvu inayopotea kama joto ndani ya tairi inapungua. Baiskeli inateleza vizuri zaidi, na hilo unalipata hata tambarare, hata kwa mwendo wa kawaida. Butili nyepesi inatoa sehemu tu ya faida hiyo.

Upande wa pili wa hesabu ni upepo. Mwenye kilo 70 na tairi la 2.25 anaweza kuendesha kwa psi (kipimo cha presha ya upepo) 24 mbele na 27 nyuma akiwa na tyubu ya kawaida. Akishafunga nyepesi na kupata pancha mbili tatu, anaanza kuongeza: 30, kisha 33, kisha 35. Hapo tairi limekuwa gumu. Linaruka juu ya mwamba badala ya kuushika, linateleza kwenye changarawe ya itale, na kila tikiso linapanda mikononi na mgongoni. Nguvu inayomezwa na tikiso hizo ni kubwa kuliko iliyookolewa na gramu. Hili ndilo kosa kuu la tyubu nyepesi kwenye njia zetu. Haziharibu safari kwa kupasuka tu, zinamsukuma mtu ajaze upepo mwingi, na faida yote inaliwa hapo.

Lakini tusiionee tyubu. Pancha ya mwambani hutokea tairi linapobonyea hadi tyubu ikabanwa kati ya jiwe na kingo mbili za ringi. Utaijua kwa matundu mawili sambamba, kama umeumwa na nyoka. Unene wa 0.9 dhidi ya 0.6 unasaidia kidogo tu hapo, kinachoamua ni presha, upana wa tairi na namna unavyogonga. Lateksi hustahimili zaidi kwa kuwa inavutika mbali kabla ya kukatika. Kwa miiba, mlinzi wa kwanza ni tairi, tyubu inafuata. Kuanzia Juni hadi Septemba mbigili zimekauka na kuwa ngumu, na matawi ya mgunga yanayozibia mashamba huangusha miiba mirefu njiani. Mwiba wa mgunga uliokwisha kupenya tairi hausimamishwi na milimita 0.3 za ziada. Mbigili, iliyo fupi, ndiyo ambayo unene huo unaweza kuiokoa tyubu nayo, hasa tairi likiwa limelika.

Ndiyo maana, mwenye pesa ya kitu kimoja tu, ningemshauri anunue tairi jipya lenye kingo ngumu kabla ya tyubu ya bei. Anayeweza vyote afunge nyepesi mbele na ya kawaida nyuma. Gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya nusu ya uzito na ndilo linalogonga jiwe bila kuinuliwa.

Kisha kuna suala la fundi. Baiskeli ikiharibika Igoma au Buhongwa, fundi wa kando ya barabara yupo, ana solusheni, vipande vya tyubu kuukuu na kitu cha kukwarulia. Kwa butili ya kawaida, hivyo vinatosha. Kwa ukuta wa 0.6, kukwaruza kwa nguvu kunaitoboa tyubu palepale, basi mwombe atumie msasa laini, apake solusheni nyembamba na kuiacha ikauke dakika 5 kabla ya kubandika. TPU ni jambo jingine kabisa. Solusheni ya kawaida haiishiki, na kiraka cha kuchomwa kwa moto kinaiyeyusha. Inahitaji viraka vyake, na uso usafishwe kwanza kwa spiriti. Usipokuwa navyo mfukoni, tyubu ya bei mara kadhaa ya ile ya kawaida imekwisha kazi kwa tundu la sindano.

TPU ina masharti mengine mawili. Ikishavutika ndani ya tairi pana hairudi, hivyo usiihamishie kwenye jembamba, na usiijaze nje ya tairi kupita pale inapopata umbo la mviringo. Pia joto: baiskeli nyingi za mitumba hufunga breki kwenye ringi, na baadhi ya tyubu nyepesi sana za aina hii zimekatazwa huko. Soma maandishi ya kifungashio. Lateksi nayo hupoteza upepo usiku kucha na haipatani na mafuta ya mashine, kwa hiyo ni ya mtu ambaye yuko tayari kushika pampu kila asubuhi.

Valvu angalia kabla ya kulipa. Nyingi za tyubu hizi huja na Presta, nyembamba, ya tundu la milimita 6.5. Ringi iliyotobolewa milimita 8.5 kwa valvu ya Schrader, ile ya gari, itaiacha Presta icheze hadi shina lichanike. Inahitaji kipete cha kupunguza tundu. Tundu hilo pana lina neema yake: tyubu ya Phoenix ya 28 kwa 1½, inayouzwa karibu kila duka la vipuri, inaingia humo na itakufikisha nyumbani kwa presha ndogo. Mwenye ringi ya Presta hana njia hiyo.

Kufunga kunataka utulivu. Pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi, nacho kitanasa kwenye mwiba usioonekana. Hakikisha utepe wa ringi umefunika kila tundu la spoku. Paka poda, pampu mara mbili au tatu tyubu ipate umbo, anzia upande wa pili wa valvu na umalizie kwenye valvu kwa vidole, bila liva. Sukuma valvu ndani kidogo, kagua pande zote kama tyubu haijabanwa, jaza hadi psi 10, zungusha, kisha endelea. Nati ya valvu ikazwe kwa vidole tu.

Mahali TPU inaposhinda bila ubishi ni kwenye mkoba, kama akiba ya kukufikisha, huku butili ikifanya kazi ya kila siku. Ifunge kwenye soksi au kitambaa, mbali na spana. Inayosuguana na chuma kwa wiki kadhaa za barabara mbovu hutoboka ndani ya mkoba kabla haijaliona tairi.