Bomu Lionyeshwe Mapema

Filamu nyingi za kusisimua siku hizi hufunguliwa kwa kishindo: gari linapinduka, risasi zinarindima, mtu tusiyemjua anaporomoka ghorofani. Kisha yanatokea maandishi: "Siku tatu kabla". Huo ni mshtuko, na mshtuko haudumu. Ukishapita, mwongozaji anaanza upya kazi ya kutufanya tujali.

Mwongozaji Alfred Hitchcock aliliweka wazi jambo hili alipohojiwa na mwongozaji wa Kifaransa, François Truffaut. Watu wanapiga soga mezani, chini ya meza kuna bomu. Likilipuka ghafla, mtazamaji kapata sekunde 15 za mshtuko. Akiwa anajua lipo na saa inasogea, soga ile ile inampa dakika 15 za roho juu.

Mwongozaji Orson Welles alikuwa ameshalifanya hilo mwanzoni mwa filamu ya Touch of Evil (1958), kwa shoti moja, yaani picha isiyokatwa, ya zaidi ya dakika 3. Tunaona mikono ikitega saa ya bomu, bomu linatiwa kwenye buti la gari, mwanamume na mwanamke wanapanda na kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani. Baada ya hapo ni mambo ya kawaida tu. Trafiki anasimamisha gari. Watu wanakatiza barabara. Wanandoa wapya wanaotembea kwa miguu wanalipita gari, linawapita, wanakutana nalo tena kizuizini. Mwanamke aliye garini analalamika kwamba anasikia mlio wa saa kichwani, na hakuna anayemsikiliza.

Kinachobana kifua pale ni kutokata picha. Mkato wowote unaweza kuruka muda, na mtazamaji akishahisi muda umerukwa, anaacha kuhesabu. Picha ikienda mfululizo, kila gari linaposimama tunajua sekunde halisi zinaliwa. Mkato wa kwanza unaletwa na mlipuko wenyewe.

Toleo la filamu hiyo lililohaririwa upya mwaka 1998 liliondoa majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini kwenye shoti hiyo, likaacha redio ya gari na muziki unaotoka kwenye baa. Kwangu hilo ndilo toleo bora, kwa sababu muziki wa kufungulia humwambia mtazamaji atulie, filamu haijaanza. Redio inamwambia gari liko karibu hata lisipoonekana.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni hatari isiyo na umbo: korido yenye giza, mvumo mzito wa besi, uso wenye jasho. Mtazamaji anahitaji kujua anaogopa nini, kiko wapi, na kina muda gani. Mhariri anaweza kupima kwa urahisi. Amwonyeshe mtu dakika 2 za mwanzo, asimamishe, amuulize anaogopa nini kitatokea. Jibu likiwa "sijui, kuna kitu tu", muziki zaidi hautasaidia. Mara nyingi inayokosekana ni shoti pana moja, kabla ya zile za karibu, ya kuonyesha, tuseme, mlango uko umbali gani na kitanda. Bila hiyo, hatua za muuaji anayekikaribia kitanda hazina maana. Hatujui zimebaki ngapi.

Si lazima siri itolewe sekunde ya kwanza. Katika Inglourious Basterds (2009), Quentin Tarantino anaacha afisa wa Kinazi na mfugaji wa Kifaransa wazungumze mezani kwa muda mrefu. Afisa anakunywa maziwa, anaomba kwa adabu wahamie Kiingereza. Hapo tunamshuku tu. Baadaye kamera inashuka chini ya sakafu, tunaiona familia ya Kiyahudi imejificha, imelala kimya, na adabu ile yote inabadilika rangi. Mazungumzo yanaendelea kwa upole ule ule, lakini sasa kila swali lina watu chini yake. Kamera ingeshuka mapema mno, tusingepata nafasi ya kujidanganya kwamba afisa huenda akaaga na kuondoka.