Kutoka Afrika hadi Ulaya na Asia: Umbali wa Vinasaba Unapima Nini?

Wayoruba wa Ibadan wakilinganishwa na watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, kipimo cha FST, kinachopima umbali wa vinasaba kati ya vikundi kuanzia 0 hadi 1, hutoa kama 0.15. Wapo wanaoitaja namba hiyo kama hati ya kuwagawa binadamu kuwa aina mbili.

Wasikilizwe kwanza. Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin, akiipinga hoja yao, alionyesha kwamba asilimia 85 hivi ya tofauti za binadamu zimo ndani ya kila jamii. Mwaka 2003 mwanajenetiki na mtakwimu A. W. F. Edwards akamjibu, na jibu lake lina nguvu: alama moja ya DNA haitambulishi mtu, lakini mamia yakitazamwa kwa pamoja, asili ya mababu zake hujulikana vizuri. Zipo hata alama ambazo moja tu peke yake hutofautiana sana kati ya vikundi. Afrika Magharibi, karibu kila mtu amerithi aina ya jeni ya Duffy inayoziacha chembe nyekundu za damu bila mlango ambao malaria ya aina ya vivax huupitia. Ulaya aina hiyo ni adimu.

Ila hebu tuirudie ile 0.15, maana hapo ndipo watu hupotea. FST ni uwiano. Inauliza: katika tofauti zote, ni sehemu gani inatokana na vikundi kuachana? Basi kikundi kikipoteza aina zake za ndani za vinasaba, namba hupanda, hata kama hakuna kipya kilichozaliwa upande wowote. Hilo ndilo lililowapata waliotoka Afrika miaka kama 60,000 iliyopita. Walikuwa wachache, wakaondoka na sehemu tu ya urithi, na kila walipohamia mbele wakapungukiwa tena. Mpaka leo utajiri wa aina za vinasaba hufifia kadiri unavyokwenda mbali na Afrika Mashariki, na kwa wenyeji wa Amerika ni haba kuliko kote. Kwa sehemu kubwa, umbali huo wa vinasaba ni kumbukumbu ya kilichopotea njiani.

Na huyo "Mwafrika" anayewekwa upande mmoja wa mizani ni nani? Mwaka 2010 zilisomwa DNA za Wasan wa Namibia, wenyeji wa jangwa la Kalahari. Wawili wowote kati yao, watu wa Kalahari hiyo hiyo, walitofautiana kwa wastani zaidi kuliko Mzungu na Mwasia. Miaka kumi baadaye watafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza vinasaba na afya Afrika, wakasoma DNA za watu 426 tu, kutoka jamii 50 za bara hili, wakakuta aina za vinasaba zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote.