Badiliko Dogo Si Badiliko Sanifu

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, katika ofisi moja ya uwakala wa forodha nilikokuwa nikifanya kazi hapa Mombasa. Mwenzangu aliongeza mstari mmoja kwenye fayawoli, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka kwenye mtandao wa ofisi. "Ni kadogo tu, bwana, fomu ya nini?" Sasa, sheria za fayawoli husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayotekelezwa. Mstari wake ulikaa juu kabisa. Kufika saa tisa na nusu hakuna hati iliyokuwa ikitoka, na madereva wa malori walikuwa Changamwe wakitupigia simu mfululizo. Mstari wenyewe tuliupata magharibi ikiadhiniwa, maana hakuna mahali palipoandikwa kwamba umeongezwa.

Tangu siku hiyo neno "kadogo" silikubali. Udogo wa badiliko hauniambii lolote kuhusu hatari yake.

Mwongozo wa ITIL wa kusimamia huduma za kompyuta, uliozaliwa serikalini Uingereza miaka ya 1980, unayagawa mabadiliko mafungu matatu. Kuna yanayopimwa moja moja kabla ya kuidhinishwa, kuna ya dharura, na kuna yaliyokwisha kupewa idhini mapema kwa kuwa hatari yake ni ndogo na hatua zake zinajulikana. Fungu la kwanza na la tatu, maofisini kwetu, yote mawili huitwa "ya kawaida", na vurugu huanzia hapo. Hilo la tatu mimi naliita sanifu.

Neno hilo Mombasa tunalijua vizuri. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika mji huu huu, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita chetu kikaachwa. Uamuzi ule una ubishi wake hadi leo, lakini haukufanywa na mtu mmoja aliyekuwa na haraka. Kitu huitwa sanifu baada ya kujadiliwa, kukubaliwa na kuandikwa.

Kwangu mimi, badiliko hupata jina hilo likishapita njia ndefu, ile ya kupimwa na kuidhinishwa, mara kadhaa bila kasoro. Hatua zake ziandikwe hivi kwamba kijana wa zamu ya usiku azifuate bila kumwamsha mtu. Njia ya kurudi nyuma iwe imejaribiwa, si kudhaniwa. Na mipaka itajwe: seva zipi, saa ngapi.

Lakini wanaopeleka kila kitu kwenye kikao cha kuidhinisha mabadiliko nao wanaharibu. Nimewahi kuona ombi la kuongeza nafasi ya diski likingoja kikao cha Jumatano wakati diski inajaa Ijumaa ya kabla yake. Watu wakajifunza kuandika "dharura" kwenye kila tiketi ya ombi, hadi dharura ya kweli ikija haina anayeishtukia. Hapo silaumu mafundi. Kosa ni la kikao kilichokataa kusanifu yale yanayojirudia kila wiki.

Tena usanifu si cheo cha maisha. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja ya CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft. Faili za aina ile zilikuwa zikitumwa mara kwa mara, na hiyo ilikwenda kwa wateja wote bila kutangulizwa kwa wachache kwanza. Mazoea yalikuwa yamechukua nafasi ya kupima. Ndiyo maana nashikilia kwamba badiliko sanifu likikosea hata mara moja, linavuliwa jina na kurudi kwenye njia ndefu.

Wiki iliyopita tumeliondoa moja kwenye orodha yetu: kuhuisha cheti cha usalama cha tovuti. Lilikuwa limefanyika salama muda mrefu, kisha seva moja mpya ikasahaulika kwa sababu maelezo yaliandikwa kabla haijanunuliwa. Maelezo hayo niliyaandika mimi. Jumatano nitaliwasilisha badiliko hilo upya kikaoni, na seva hiyo imo kwenye hatua ya pili.