Tillis hakusaliti mtu

Kuna makala inayomwita Seneta Thom Tillis, Mrepublican wa North Carolina, msaliti wa chama chake kwa kuupinga muswada mkubwa wa kodi na matumizi wa Rais Trump. Hapana. Alifanya kazi aliyotumwa na watu wa North Carolina. Juni 2025 alisimama Seneti akawauliza Warepublican wenzake atawaambia nini watu 663,000 watakaoondolewa Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Siku hiyohiyo alitangaza hatagombea tena, halafu Julai 1 akapiga kura ya hapana. Muswada ulipita Seneti 51 kwa 50, kura ya mwisho ikiwa ya Makamu wa Rais Vance.

Waswahili wenzangu tulioko Marekani, hasa ndugu zetu Wakongomani waliokuja kama wakimbizi, hili linatuhusu! Muswada huo sasa ni sheria, nayo inasema kuanzia Oktoba 1, 2026 mkimbizi mtu mzima asiye na grinikadi (kibali cha ukaaji wa kudumu) kwa kawaida hatapata Medicaid, isipokuwa matibabu ya dharura. Na grinikadi mkimbizi haombi mpaka atimize mwaka mmoja nchini. Mzee mwenye kisukari atanunuaje insulini muda wote huo? Kumngoja azimie ndipo apelekwe hospitali ni ukatili, na gharama yake ni kubwa zaidi. Waliotimiza mwaka, jazeni maombi mapema, na wazee wasaidiwe kuzijaza fomu.